Hoja na Hamaki: Utulivu wa Mhakiki katika Mgogoro wa Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Mgogoro uliozuka katika miaka ya 1970 kuhusu umbo la ushairi wa Kiswahili umekwisha kuelezwa mara nyingi. Wanafunzi wa fasihi wanaufahamu kwa majina ya kambi zake mbili: wanamapokeo, walioshikilia kwamba tungo isiyokuwa na vina na mizani si shairi, na wanamabadiliko, walioshikilia kwamba vina na mizani ni pambo ambalo tungo yaweza kuwa nalo au kulikosa bila ya kupoteza ushairi wake. Maswali yaliyoulizwa wakati huo, yaani shairi ni nini, ni mali ya nani, na nani mwenye haki ya kulifasili, yamejadiliwa katika vitabu, tasnifu na mihadhara kwa takriban nusu karne. Kilichochunguzwa kwa nadra ni namna wahusika walivyojibizana: jinsi kila upande ulivyoipokea hoja ya upande wa pili, hasa hoja hiyo ilipokuja ikiwa imevishwa kejeli, dharau au tuhuma.

Makala hii inakusudia kulishughulikia suala hilo. Inadai kwamba utulivu mbele ya maoni pinzani na yenye uadui ni sehemu ya mbinu ya uhakiki, kwa kiwango kile kile ambacho ufafanuzi wa dhana au uchambuzi wa matini ni sehemu ya mbinu hiyo. Mhakiki anapoupoteza utulivu hapotezi adabu peke yake. Anapoteza pia uwezo wa kuliona jambo analolijadili. Ili kuithibitisha kauli hii, makala itaanza kwa kupambanua dhana ya utulivu, kisha itatazama mapokeo ya malumbano katika ushairi wa Waswahili, na hatimaye itaupima mgogoro wenyewe kwa vigezo vitakavyopatikana.

Dhana ya Utulivu

Katika matumizi ya kila siku neno utulivu huchanganywa na mambo mawili ambayo ni mbali nalo. La kwanza ni unyamavu. Mtu anayeshambuliwa akakaa kimya huenda akawa mtulivu, lakini pia huenda akawa amekosa la kusema, au ameogopa, au amemdharau msemaji kiasi cha kutoona haja ya kumjibu. La pili ni ubaridi, yaani hali ya kutojali. Msomi asiyejali kama ushairi utakuwa na vina au hautakuwa navyo hana sababu ya kukasirika, na kwa hiyo kutokasirika kwake hakuna sifa. Utulivu unaozungumziwa hapa ni wa yule anayejali sana, aliyeguswa na kauli ya mpinzani wake, na ambaye hata hivyo anaizuia hamaki isimtangulie katika kufikiri. Lugha ina neno la zamani la sifa hiyo: hilimu.

Kwa kuwa uhakiki hushughulika na maandishi, wala hauwezi kuzipima nyoyo za waandishi, ni lazima utulivu huo upewe dalili zinazoweza kuonekana katika matini. Makala hii inapendekeza tatu. Kwanza, mhakiki mtulivu anaieleza hoja ya mpinzani wake kwa ukamilifu kabla ya kuijibu, kiasi kwamba mpinzani mwenyewe akisoma maelezo hayo angekiri kwamba ndivyo alivyosema. Pili, anaijibu hoja au tungo, wala hageuki kumjibu mtu kwa kutaja kabila lake, dini yake, elimu yake au mahali alikozaliwa. Tatu, anajiweka wazi kwa hukumu ile ile anayowatolea wengine. Dalili hizi hazidai kwamba mhakiki awe mpole. Kauli kali yaweza kutimiza zote tatu, na kauli laini yaweza kuzikosa zote.

Malumbano kama Shule ya Hilimu

Ushairi wa Kiswahili una bahati ya kuwa na mapokeo marefu ya upinzani wa hadhara. Kimani Njogu, katika kitabu chake cha mwaka 2004, ameonyesha kwamba majibizano si pembezo ya ushairi huu, na kwamba tungo nyingi hazieleweki vyema zikisomwa peke yake, kwa sababu zilizaliwa zikiwa jibu au zikiwa zinangoja jibu. Mfano ulio maarufu zaidi ni wa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati uhasama kati ya Mombasa ya Wamazrui na Lamu ulipofikia kilele katika vita vya Shela, vinavyojulikana pia kama vita vya Kuduhu, kiasi cha mwaka 1813. Muyaka bin Haji alitunga kwa upande wa Mombasa, na Zahidi Mngumi kwa upande wa Lamu. Tungo za pande zote mbili zimehifadhiwa, na zilikusanywa na kuhaririwa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff (1995).

Wahusika wa majibizano hayo hawakuwa wakipingana juu ya jambo dogo. Miji yao ilikuwa vitani, na watu walikufa. Pamoja na hayo, namna ya kujibizana ilikuwa na masharti yake. Desturi ya malumbano humtaka anayejibu aifuate tungo ya mwenzake: aingie katika bahari ile ile, achunge mizani ile ile, na mara nyingi avichukue vina vyake au neno lake la msingi na kuligeuza. Sharti hili huonekana kama la ufundi tu, lakini lina athari katika akili ya mtunzi. Asiyeisikiliza tungo ya adui yake hawezi kuijibu, kwa kuwa hatajua mizani yake. Kabla ya kumpinga, analazimika kukaa na maneno ya mpinzani, ayapime silabi kwa silabi, ajue yanasimamia wapi na yanayumba wapi. Hamaki ya kwanza, ile inayotaka kutamka papo hapo, haipati nafasi; hesabu ya mizani huichelewesha.

Fumbo nalo lilikuwa na kazi yake. Mlumbi hakumtaja mpinzani waziwazi pale alipoweza kumtaja kwa mfano wa mnyama, chombo cha baharini au mti. Ni kweli kwamba fumbo huweza kuchoma kuliko tusi, na hakuna haja ya kudai kwamba walumbi wa Mvita na Amu walikuwa watu wapole. Hata hivyo fumbo huacha mwanya. Anayefumbwa anaweza kulijibu fumbo kwa fumbo bila ya kukiri kwamba ndiye aliyekusudiwa, na hadhira inapewa kazi ya kufumbua na kuamua. Ushindi hutolewa na wasikilizaji, nao hutolewa kwa aliyetunga vyema zaidi. Kwa mintarafu hii, aliyetukana bila ya usanii alikuwa ameshindwa hata kama alikuwa na haki.

Ni lazima kukiri mpaka wa hoja hii. Malumbano hayakuzuia vita vya Shela, wala hayakuipatanisha Mombasa na Lamu. Baada ya vita hivyo Lamu ilitafuta himaya ya Seyyid Said wa Oman, na mwaka 1837 utawala wa Wamazrui mjini Mombasa ukaanguka. Vivyo hivyo, tungo za Kimwondo zilizoandamana na ushindani wa uchaguzi katika eneo la Lamu katikati ya miaka ya 1970, ambazo zilichunguzwa na Amidu (1990), hazikuuondoa uhasama wa kisiasa. Kinachodaiwa hapa ni kidogo zaidi, lakini ni cha msingi: mapokeo hayo yaliwazoesha watu kuamini kwamba mpinzani ni mtu wa kusikilizwa kwa makini, maadam bila ya kumsikiliza hapana jibu. Yafaa basi kuuliza kama wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980, ambao baadhi yao waliyatetea mapokeo haya na wengine waliyapinga, waliurithi mwenendo wake.

Vitabu Vitatu Vinavyojibizana

Kuna jambo moja katika maandishi ya mgogoro ambalo halijapewa uzito unaolistahili. Vitabu vitatu vilivyo nguzo za mjadala huu vina majina yenye muundo mmoja. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1979 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walichapisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Mwaka 1984 Jumanne Mayoka alichapisha Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Kila kimoja kina sehemu mbili, nadharia na diwani, na kila jina linatanguliza hoja na kufuatishia tungo za mtoa hoja. Ni kana kwamba watunzi hawa, waliotofautiana juu ya uhalali wa bahari, walikubaliana kuandika vitabu vyao katika bahari moja.

Muundo huu unaitimiza dalili ya tatu iliyotajwa hapo awali. Amri Abedi anaweka sheria, kisha anaweka mashairi yake ili msomaji aone kama mtoa sheria mwenyewe anaitii. Mulokozi na Kahigi wanapanua fasili ya ushairi, kisha wanatoa tungo zao ili msomaji aamue kama fasili hiyo inazaa matunda. Mayoka anayatetea mapokeo, kisha anamruhusu msomaji aulize kama mapokeo hayo yangali hai katika kalamu ya mtetezi wake. Mhakiki asiyetunga anaweza kuhukumu akiwa mahali pa salama. Hawa wanne walijiweka uwanjani.

Aidha, tofauti baina ya majina hayo zinaonyesha jinsi hali ya mjadala ilivyobadilika. Sheria hutiiwa au huvunjwa, na anayeivunja ni mkosa. Kitabu cha Amri Abedi kilitangulia mgogoro kwa takriban miaka ishirini, na kilikuwa mwongozo wa watunzi. Hakikuwa na mpinzani wa kumjibu, na lugha yake ya sheria inaeleweka katika muktadha huo. Hata hivyo, wasomaji wa baadaye walipolichukua neno sheria na kulitumia kama rungu, tofauti ya maoni juu ya sanaa iligeuka kuwa kosa, na mwenye maoni hayo akageuka kuwa mhalifu. Mulokozi na Kahigi waliteua neno kunga. Kunga ni maarifa ya ndani ambayo mwali hufunzwa na kungwi. Mtu huingizwa katika kunga, wala haamrishwi. Kwa kubadilisha neno moja waliutoa mjadala mahakamani na kuupeleka unyagoni. Mayoka, miaka mitano baadaye, analitaja tatizo kwa jina lake: mgogoro. Kuna uaminifu katika uteuzi huo. Asiyekubali kwamba pana mgogoro humwona mpinzani kama mjinga au mpotovu, ilhali anayekubali kwamba upo amekwisha kukiri kwamba upande wa pili una watu na hoja.

Viwakilishi navyo vina maana. Diwani ya Amri na Diwani ya Mayoka ni za mtu mmoja mmoja anayejulikana kwa jina. Diwani Yetu ni ya wawili, na huenda kiwakilishi hicho kinawaalika wengine pia. Tangu Malenga wa Bara (1976) Mulokozi na Kahigi walikuwa wamezoea kuandika pamoja. Mtu aliyezoea kukubaliana na kutokubaliana na mwenziwe kabla ya kuchapisha ana nafasi ya kuizoea sauti nyingine kabla ya kukutana na ya adui.

Katika Kunga za Ushairi fasili za waliotangulia, ikiwemo ya Shaaban Robert, zinaletwa na kupimwa kabla ya waandishi kutoa yao. Hii ndiyo dalili ya kwanza ikiwa kazini. Msomaji asiyekubaliana na hitimisho lao anapata hata hivyo nyenzo za kuwapinga, kwa sababu fasili pinzani imo mbele yake. Kinyume cha hayo ni mtindo, ambao haukukosekana katika maandishi ya pande zote mbili, wa kumpinga mtu kwa muhtasari wa muhtasari: mwanamapokeo anaambiwa anadai kwamba kila kilicho na vina ni shairi, na mwanamabadiliko anaambiwa anadai kwamba kila kilichokatwa mistari ni shairi. Ni shida kumpata mhakiki makini aliyesema mojawapo ya mambo hayo. Waliopigwa walikuwa vinyago.

Kutoka Tungo hadi Mtunzi

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, alipochapisha Kichomi mwaka 1974, alitanguliza maelezo ya kuutetea mwelekeo wake, hasa nia ya kuuleta ushairi karibu na lugha ambayo watu huitumia katika mazungumzo ya kawaida. Hiyo ilikuwa hoja ya kisanaa, na ilistahili jibu la kisanaa. Ingeweza kuulizwa, mathalani, kama lugha ya mazungumzo haina mahadhi yake yanayohitaji kupimwa, au kama tungo isiyoimbika inampotezea nini msikilizaji aliyezoea kuupokea ushairi kwa sikio. Maswali haya yaliulizwa na baadhi ya wanamapokeo, na mjadala ulinufaika.

Lakini mara mjadala ulihama kutoka tungo hadi mtunzi. Kwa upande mmoja ilidaiwa kwamba watunzi wapya waliacha vina kwa kuwa hawakuviweza. Kwamba walikuwa watu wa bara, waliosoma vyuo vikuu, na waliokuwa wakiiga Ulaya. Kwa upande wa pili ilidaiwa kwamba vina na mizani vyenyewe vililetwa na Waarabu, na kwa hiyo anayevitetea anatetea ugeni au ukabaila. Tazama jinsi tuhuma hizi mbili zinavyofanana. Kila upande ulimwita mwenzake mgeni. Kila upande ulichukua swali la thamani ya umbo fulani na badala yake ukajibu swali la asili ya umbo hilo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila mmoja aliuvuta ushairi kuelekea kwao hadi ngozi ikakaribia kupasuka.

Kosa hili ni la kimantiki, kwa kuwa asili ya kitu haiamui thamani yake. Lakini chanzo chake ni cha kihisia. Nyuma ya mjadala wa vina palikuwa na swali lililoumiza zaidi, nalo ni la nani Mswahili. Kwa mwenyeji wa pwani aliyeona lugha yake ikitwaliwa na mataifa mazima, kuambiwa kwamba hata ushairi wake ni wa kuazimwa lilikuwa jambo la kumvunjia heshima. Kwa mtunzi wa bara aliyefunzwa shuleni kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa lake, kuambiwa kwamba hana haki ya kukitungia lilikuwa jambo la kumfukuza nyumbani kwake. Majeraha hayo yalikuwa ya kweli, na hasira iliyotokana nayo inaeleweka. Uhakiki hauna mamlaka ya kuwaambia watu wasiumie. Una wajibu wa kuonyesha kilichopotea pale maumivu yalipoachiwa kazi ya hoja.

Kilichopotea kinaweza kutajwa. Kambi zote mbili zilikubaliana kimyakimya juu ya jambo ambalo halikuwa sahihi, yaani kwamba mapokeo ya ushairi wa Kiswahili ni mapokeo ya vina na mizani tu. Wanamapokeo waliyatetea kwa sababu hiyo, na wanamabadiliko waliyakataa kwa sababu hiyo hiyo. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), aliyatazama mapokeo yenyewe na kuonyesha kwamba shairi ni aina moja tu miongoni mwa tungo nyingi za Waswahili, kila moja ikiwa na masharti yake. Yumkini mfano ulio wazi kupita yote ni utumbuizo, unaonasibishwa na Fumo Liyongo na ngoma za gungu, ambao haufungwi na mpango wa vina unaolifunga shairi. Mwanamabadiliko mtulivu angeupata huko mshirika wa kale asiye Mzungu. Mwanamapokeo mtulivu angepata hoja nzito zaidi kuliko ile ya sheria, kwamba mapokeo ni mapana kuliko wapinzani wake walivyodhani. Ushahidi huu haukuwa umefichwa; ulikuwapo katika midomo ya wazee na katika miswada. Haukuonekana mapema kwa sababu macho ya wengi yalikuwa yakimtazama adui.

Ni muhimu kueleza kwamba Shariff mwenyewe hakuwa mtu asiye na upande. Tungo Zetu ni kitabu cha mtetezi, na kina maneno makali dhidi ya wale wanaodai kwamba utamaduni wa Waswahili ni wa kuazimwa. Kinachokipa thamani ni kwamba ukali huo unabebwa na ushahidi ambao hata mpinzani anaweza kuutumia. Isitoshe, miaka sita baadaye Shariff aliandika pamoja na Alamin Mazrui kitabu cha Kiingereza juu ya utambulisho wa Waswahili (1994). Mazrui ni mtunzi wa Chembe cha Moyo (1988), diwani inayotajwa mara kwa mara miongoni mwa zile zilizoupa ushairi huru nguvu nchini Kenya. Mtetezi wa tungo za jadi na mtunzi wa ushairi huru walikaa meza moja na kuandika juu ya swali lile lile lililozigawanya kambi. Hawakulazimika kwanza kukubaliana juu ya vina. Walilitenga swali la Mswahili ni nani na swali la shairi ni nini, na kwa kuyatenga waliweza kulifanyia kazi moja bila ya kuliacha la pili lilivuruge.

Pingamizi: Utulivu wa Aliye Juu ya Mnazi

Hoja iliyotolewa hadi hapa inaweza kupingwa kwa nguvu, na itakuwa kinyume cha dai la makala yenyewe kulipuuza pingamizi hilo. Yaweza kusemwa kwamba mwito wa utulivu hutolewa kwa kawaida na aliye na nafasi, naye humtolea asiyekuwa nayo. Mwenye chakula humwambia mwenye njaa asipaze sauti. Katika historia ya fasihi ya Kiswahili, wachapishaji, wakaguzi na walimu walikuwa na uwezo wa kuamua kipi kisomwe. Riwaya ya Kezilahabi Rosa Mistika (1971) iliwahi kuzuiwa isisomwe shuleni. Je, mtu ambaye kazi yake imefungiwa mlango aambiwe ahesabu mizani kabla ya kulalamika?

Tungo inayolieleza pingamizi hili kwa uwazi kuliko zote ni ile ya Abdilatif Abdalla inayoitwa Mnazi: Vuta N'kuvute, katika Sauti ya Dhiki (1973). Ni majibizano ya ndugu wawili, mmoja yu juu ya mnazi na mwenzake yu chini akimtaka ashuke. Msomaji anaweza kuona mara moja kwamba nafasi zao si sawa. Aliye juu ana madafu. Muda uko upande wake, na kila siku ya mjadala wa amani ni siku nyingine ya kula. Aliye chini hana faida katika kuchelewa. Tungo hii basi inatoa onyo: umbo la majibizano, hata likiwa na usawa wa bahari na vina, laweza kuficha ukosefu wa usawa katika maisha.

Onyo hilo ni la haki, lakini halibatilishi utulivu. Linautenga na unyamavu. Ushahidi wake ni diwani nzima ilimo tungo hiyo. Abdilatif alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? wa mwaka 1968, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga gerezani. Dola ndiyo iliyohamaki; ililijibu swali kwa kufuli. Aliyefungwa alijibu kwa tungo zilizopangwa kwa makini, zenye vina visivyoteleza, na ambazo hazikurudi nyuma hata hatua moja katika imani yake. Shairi lake Siwati ni tangazo la msimamo katika jina lake lenyewe. Hakuna anayeweza kuisoma diwani hiyo akasema kwamba mtunzi wake alinyamazishwa, wala kwamba alibwabwaja. Hasira imo, lakini imekwisha kufikiriwa. Kwa hiyo utulivu ni wa lazima zaidi kwa mnyonge, kwa kuwa yeye hana kufuli, na hoja yake ikichafuka hana kingine cha kuisimamia.

Kezilahabi naye anatoa mfano wa namna nyingine. Baada ya kejeli zilizokipokea Kichomi, aliendelea kufanya kazi. Mwaka 1985 alikamilisha tasnifu ya uzamivu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1988 alichapisha diwani yake ya pili, Karibu Ndani, na mwaka 2008 ya tatu, Dhifa, miaka kumi na miwili kabla ya kufariki kwake mwaka 2020. Majina ya diwani hizo yanafaa kuangaliwa. Kichomi ni maumivu. Karibu Ndani ni ukaribisho. Dhifa ni karamu. Haitakuwa busara kuufanya mfuatano huo kuwa wasifu wa nafsi ya mtunzi, na kejeli ya Kezilahabi dhidi ya wenye madaraka haikupungua. Lakini mtunzi aliyeitwa mgeni katika ushairi aliendelea kuwafungulia wasomaji mlango kana kwamba nyumba ni yake. Hilo nalo lilikuwa jibu, na lilidumu kuliko mengi yaliyotamkwa kwa sauti ya juu.

Hitimisho

Mgogoro wenyewe umetulia, ingawa haukuamuliwa. Katika shule za sekondari za Kenya mwanafunzi husoma mashairi ya arudhi na mashairi huru bega kwa bega, na hutarajiwa kuyachambua yote. Watunzi kama Said Ahmed Mohamed na Kithaka wa Mberia wamesomwa bila ya kila msomaji kudai kwanza cheti cha asili yao. Unaweza kufikiriwa kuwa ushindi wa wanamabadiliko, lakini mashairi ya arudhi yangali yanatungwa kwa wingi, katika kurasa za magazeti na kwenye majukwaa, na watunzi wake hawajaonyesha dalili ya kuchoka. Pande zote mbili zilitabiri kifo cha mwenzake, na utabiri wote uliharibika.

Kilichosalia kutokana na mgogoro huo ni hazina ya vitabu, na thamani ya kila kimoja inalingana kwa karibu na kiasi ambacho mwandishi wake aliweza kumsikia mpinzani. Sheria, Kunga, Mgogoro na Tungo Zetu vingali vinasomwa kwa sababu kila kimoja kina kitu ambacho hata asiyekubaliana nacho anakihitaji. Maandishi yaliyojaa lawama za asili na nasaba yanatajwa leo kama mifano ya hali ya wakati wake. Mwenye kelele hana neno, na wakati umewahukumu hivyo.

Somo hili linawahusu hasa wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Yapo mazoea ya kuukuta mjadala ukiwa umekwisha gawanywa kambi, ya kuchagua kambi kabla ya kusoma, na ya kumnukuu mpinzani kutoka katika kitabu cha mtu anayempinga. Tasnifu iliyoandikwa hivyo inaweza kuwa na lugha ya upole kutoka mwanzo hadi mwisho na bado ikakosa utulivu, kwa sababu haikumsikiliza yeyote. Mlumbi wa Mvita hakuweza kumjibu wa Amu bila ya kuijua tungo yake neno kwa neno. Mwanafunzi wa leo, aliye na maktaba mbele yake na hana jeshi linalomngoja ufuoni, hana udhuru wa kudai masharti mepesi kuliko hayo.